Bustani juu ya makaburi: heshima au kufuru?

Postman's Park, kando ya kanisa la St Botolph's Aldersgate jijini London, imeinuka juu ya barabara zinazoizunguka, na walioiinua ni wafu: nafasi ilipokwisha, maiti walilazwa juu ya wenzao na kufukiwa udongo. Mwaka 1880 makaburi hayo ya parokia yalifunguliwa kuwa bustani ya watu wote, na jina likatokana na wafanyakazi wa posta kuu ya jirani waliozoea kupumzika humo.

Wanaoliona jambo hilo kuwa kufuru hawasemi upuuzi. Mawe yalitolewa makaburini yakaegemezwa ukutani, na jiwe likishatenganishwa na kaburi lake, mjukuu hajui tena asimame wapi. Tena ardhi iliyobarikiwa kwa maziko haikukusudiwa kuwa mahali pa kutafunia mkate wa mchana.

Hata hivyo, hoja hiyo hudhani kwamba makaburi yale yangeachwa kama yalivyokuwa. Baada ya sheria ya 1852 kuruhusu makaburi ya London yafungwe, viwanja visivyozikwa mtu tena vilibaki katikati ya jiji ambalo kila hatua ya ardhi ina bei. Katika miaka ya 1860 reli ya Midland ilipita kwenye makaburi ya St Pancras, na Thomas Hardy, wakati huo msanifu majengo kijana, bado si mwandishi mashuhuri, alitumwa kusimamia ufukuaji wa maiti. Sehemu iliyosalia ilifunguliwa kuwa bustani mwaka 1877, ilhali sheria ya kukataza ujenzi juu ya makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kwa kupanua kanisa, haikuja hadi 1884. Kwa miaka hiyo yote, anayeuliza ni nani aliyewasumbua wafu amtazame mwenye reli kabla ya kumgeukia mwenye mkate, kwa sababu uwanja unaotembelewa kila siku una mashahidi, na uwanja uliofungwa kwa kufuli hauna.

Mwaka 1900 mchoraji George Frederic Watts aliongeza katika Postman's Park kibanda cha vigae vya kuwakumbuka watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Kigae kimoja kinamtaja Alice Ayres, binti wa kibarua wa mwashi, aliyewatoa watoto watatu katika nyumba iliyokuwa ikiungua mwaka 1885. Yeye hakuzikwa hapo, na wakosoaji wana haki kulisema hilo. Lakini msomaji wa kigae hicho husimama kimya, juu ya wafu wa parokia, kwa muda ambao asingesimama kama lango lingekuwa limefungwa.