Flaiwili nyepesi kwenye ndege ya rotari: kilo tunazookoa na gia zinazolipa

Miongoni mwa wanaojijengea ndege nyumbani huko Marekani na kufunga injini ya Mazda 13B iliyotoka kwenye gari la RX-7, injini ya rotari, yaani yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, kuna ushauri unaotolewa kama jambo lililokwisha kuamuliwa: ondoa flaiwili ya chuma ya kiwandani, lile gurudumu zito la mwishoni mwa shafti linalolainisha mzunguko wa injini, weka ya alumini. Flaiwili nzito huitwa uzito wa bure. Hapo ndipo nisipokubali.

Hoja ya wanaopenda nyepesi ina nguvu. Ndege haina klachi, kwa hiyo uso mpana wa kusuguana hauna kazi. Kilo tano zikitoka puani mwa ndege ndogo, rubani anaziona kwenye hesabu ya mizani. Tena rota mbili za 13B zinapokezana vizuri: msukumo wa kila moja hudumu nyuzi 270 za mzunguko wa shafti, kwa hiyo nguvu hutoka laini kuliko kwenye pistoni nne. Na propela, wanasema, tayari ni flaiwili kubwa.

Hilo la mwisho ndilo linalopotosha. 13B hutoa nguvu yake ikizunguka mara 6,000 na zaidi kwa dakika, ilhali propela inataka karibu na 2,500, ndiyo maana katikati pana giaboksi ya kupunguza mwendo. Kwa uwiano wa 2.85 kwa 1, inesha ya propela (ukinzani wake dhidi ya kubadilishwa mwendo) inayofika kwenye shafti ya injini hugawanywa kwa mraba wa uwiano huo, yaani kwa 8 na kidogo. Ile flaiwili kubwa tunayoiona mbele ya ndege, injini inaihisi kwa sehemu moja tu kati ya nane. Ikiwa propela ni ya mbao, inabaki ndogo zaidi. Isitoshe, iko upande wa pili wa gia: haiwezi kulainisha mapigo kabla hayajafika kwenye meno. Flaiwili inaweza.

Halafu kuna mtetemo wa kujipinda wa shafti. Injini upande mmoja, propela upande mwingine, na shafti inayonyumbuka katikati, vina kasi yao ya asili ya kutetemeka, na mapigo ya injini yakiangukia kasi hiyo mtetemo hukua kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Mjenzi anataka hali hiyo ibaki chini ya silensa, yaani mizunguko ya injini bila kuongezewa mafuta, injini iipite mara moja tu inapowashwa. Sasa punguza inesha ya upande wa injini kwa nusu. Ikiwa pande mbili zilikuwa sawa, kasi ya mtetemo hupanda kwa asilimia 22. Propela ikiwa nzito mno, hukaribia 41. Tuseme tatizo lilikuwa kwenye mizunguko 1,200: sasa liko kati ya 1,460 na 1,700, mizunguko ambayo rubani huikalia akitembeza ndege ardhini au akisubiri ruhusa ya kuruka.

Giaboksi iliyoteswa hivyo ukiifungua, inajieleza. Meno yana alama za kugongwa pande zote mbili, kwa sababu gia zilikuwa zikiachana na kukutana tena, na kwenye mifereji ya shafti kuna unga mwekundu wa kutu. Injini yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Ni kweli wapo wanaoruka salama na sahani nyembamba ya gari la giaboksi ya otomatiki, pamoja na uzito wake wa kusawazisha, ambao rotari haiwezi kukosa. Lakini mafanikio yao yanatokana na kiunganishi laini kilichowekwa kati ya injini na gia, na mtengenezaji aliyeuchagua mfumo huo mzima kwa pamoja. Kuitoa flaiwili kwenye katalogi ya magari ya mashindano, ambako wepesi unatafutwa ili injini ipande haraka dereva anapobadili gia, ni jambo jingine.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la mtengenezaji wa giaboksi: aliijaribu na flaiwili ya uzito gani? Akiwa na jibu, fuata uzito huo, uwe mwepesi au mzito. Asipokuwa nalo, acha chuma cha Mazda mahali pake, na kilo zako zitafute kwenye betri.