Kiganja hakitoshi

Tuonyesheni basi na mgongo wa mkono. Picha za mishipa midogo ya damu zinazopigwa kwa leza na altrasaundi ni nzuri ajabu, lakini mara nyingi ni za kiganja, kidole au sikio la panya. Kiganja kinatulia mezani na hakina nywele, hilo nakubali. Ila kiganja cha mtu mweusi nacho kina melanini (rangi asilia inayoifanya ngozi iwe nyeusi) kidogo, na melanini ndiyo yenye kesi hapa.

Leza inapiga mpigo wa nanosekunde chache. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, inafyonza mwanga, inapata joto dogo mno, inatanuka ghafla na kutoa sauti, jambo ambalo Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikwisha kuligundua kwa vitu vingine mwaka 1880. Mwilini sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo iliyofika kwenye proba (kifaa kinachowekwa juu ya ngozi kusikiliza) baada ya mikrosekunde 1 imetoka kina cha milimita 1.5. Povu moja kwenye jeli inayopakwa kati ya proba na ngozi linazuia sauti, na hapo kwenye picha panabaki doa tupu.

Melanini iko juu, inafyonza kabla ya damu. Ngozi nyeusi inatoa mshindo mkubwa pale juu. Mshindo unashuka, unagonga tishu na kurudi, na kwenye picha unajichora kama mishipa ambayo haipo. Baya zaidi ni kipimo cha oksijeni ya damu kinachotokana na picha hizo. Damu iliyopungukiwa oksijeni hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 750, iliyojaa oksijeni hufyonza zaidi wa 850. Melanini inakula 750 kuliko 850. Mwanga wa 750 unafika kwenye mshipa ukiwa umepungua zaidi, na hesabu inasema oksijeni ni nyingi kuliko ilivyo. Mgonjwa anaishiwa pumzi, namba inasema yuko salama! Kosa la upande huohuo lilishatokea kwenye vifaa vya kubana kidoleni vinavyopima oksijeni: utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulikuta kwamba vifaa hivyo vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 ya ilivyokuwa kwa weupe.

Kuongeza nguvu ya leza si dawa. Kwa mwanga unaoonekana, kikomo cha ngozi ni milijuli 20 kwa sentimita mraba kwa mpigo, na ngozi nyeusi ndiyo inayopata joto zaidi.

Pima rangi ya ngozi kwa kifaa, palepale utakapoweka proba, kabla ya jeli. Sahihisha mwanga wa kila nanomita kwa kipimo hicho, kisha ndipo utoe namba ya oksijeni. Na rangi hiyo iandikwe chini ya kila picha.