Chanjo ya shuleni au "ile ya aina tisa": tunabishania namba isiyo yenyewe

Kila tangazo la wiki ya chanjo likitoka, magrupu ya wazazi hapa Dodoma yanachangamka, na siku hizi ubishi sio ule wa zamani wa eti sindano inaharibu kizazi, huo naona umepungua angalau kwa watu wa mjini. Ubishi wa sasa ni wa wenye uwezo kidogo. Mtu ni mtumishi, anakaa Kisasa au Iyumbu, ana bima, kashagugo, kakuta kuna chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) inayokinga aina tisa za kirusi hicho, wanayochomwa watoto wa Marekani na Uingereza, basi anasema hii ya bure wanayoleta shuleni ni ya maskini, mimi wangu namsubirishia ile nzuri nikipata hela. Na anasema kwa nia njema kabisa, hana chuki na serikali wala hana habari na wapinga chanjo. Ndo maana nataka tumjibu kwa hoja na sio kumzomea.

Kwanza tumpe haki yake maana hoja yake ina miguu. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, na kirusi chenyewe kina aina nyingi sana ila mbili tu, ya 16 na ya 18, ndo zinabeba kama asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Chanjo za aina mbili, mfano Cervarix ya Uingereza au Cecolin ya China, zinalenga hizo mbili. Gardasil ya mwanzo, ile ya 2006, inaongeza aina ya 6 na 11 ambazo hazileti saratani, zinaleta masundosundo. Gardasil 9 inaongeza 31, 33, 45, 52 na 58, na hapo unafika kama asilimia 90. Kwahiyo kwenye karatasi tofauti ni 70 kwa 90, na mzazi akiona hivyo anauliza kwanini mwanangu akose hizo 20.

Na sio karatasi tu. Kenya walifanya utafiti wa KEN SHE kwa mabinti 2,275 wa miaka 15 mpaka 20, wengine wakapewa dozi moja ya aina mbili, wengine dozi moja ya aina tisa. Baada ya miezi 18, kwa aina ya 16 na 18 zote mbili zilikuwa sawa kabisa, kinga ya asilimia 97.5. Ila ukihesabu zile aina saba zote za kirusi zinazoleta saratani kwa pamoja, ya aina tisa ilikinga kwa karibu asilimia 89. Kwahiyo zile za ziada sio mapambo ya biashara, zinafanya kazi. Na kwa Afrika aina ya 45 ni ya kuhesabiwa, ni kati ya tatu zinazokutwa zaidi kwenye saratani hizi bara letu. Hapo mtetezi wa aina tisa yuko sahihi na nisingependa mtu ajifanye hajaona. (Japo na yeye akumbuke aina ya 35, ambayo inaonekana zaidi kwa Waafrika kuliko kwa wengine, haimo hata kwenye hiyo ya tisa.)

Sasa shida iko wapi? Shida ni neno "namsubirishia".

Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2021 kwenye jarida la Lancet ambao mimi sijauacha tangu niusome, na kila nikirudi kwenye ubishi huu narudi na namba zake. Uingereza walianza kuchanja 2008, na chanjo waliyoanza nayo ni Cervarix, ile ile ya aina mbili ambayo leo mtu anaiita ya maskini. Wakachanja mabinti wa miaka 12 na 13 kama utaratibu wa kawaida, halafu wakawafuata na wakubwa zao mpaka miaka 18 ili wasiachwe. Baadaye wakaangalia saratani ilipungua kwa nani. Waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 mpaka 13, saratani ilipungua kwa asilimia 87. Waliopewa wakiwa na 14 mpaka 16, asilimia 62. Waliopewa wakiwa na 16 mpaka 18, asilimia 34.

Rudia kusoma hizo tatu. 87, 62, 34. Chanjo ni moja, kiwanda kimoja, nchi moja, idadi ya aina haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni umri tu na faida imeshuka kutoka 87 mpaka 34. Wewe unakesha unapigania tofauti ya 70 na 90 wakati miaka minne mitano ya kusubiri inaweza kukukata zaidi ya hapo. Sababu yake wala haina uchawi: chanjo inazuia kirusi kisiingie, haimtoi aliyeshaingia, na binti akishaanza mahusiano, kwa hiari yake au kwa kulazimishwa (na tusidanganyane, yote mawili yapo Dodoma), nafasi inaanza kuyeyuka. Haimaanishi aliyechelewa asichanjwe, 34 sio sifuri, ila ukichelewa kwa makusudi ukidhani unanunua ubora, unauza kitu kikubwa kununua kidogo.

Kuna watakaosema namba zile zina mambo, na ni kweli zinayo. Wale wakubwa hawakujitokeza wengi kama wale wadogo waliokuwa wanachanjwa shuleni, kwahiyo sehemu ya ule mporomoko ni watu kutochanjwa kabisa na sio umri wa mwili. Sawa. Ila hiyo nayo inazidi kunipa nguvu badala ya kuninyima, maana ndo kinachotokea hapa hapa kwetu: binti akishavuka umri wa chanjo ya shule hakuna anayemfuata, mama alisema atampeleka mwezi wa saba, mwezi wa saba kuna ada, wa tisa kuna msiba, mwakani kahamia bweni. Mkulima wa Dodoma anajua mvua yetu ni fupi, akikaa kungoja mbegu bora kutoka mjini mpaka Februari, atapanda mbegu bora kwenye vumbi.

Swali jingine kuhusu hiyo 87: inakuwaje chanjo inayolenga asilimia 70 ipunguze 87? Hapa watu wawili hukosea kwa pande tofauti. Wa kwanza anasema basi namba zimepikwa. Wa pili anasema basi aina mbili inatosha kwa asilimia 87 maisha yote. Ukweli ni kwamba wanawake waliohesabiwa walikuwa bado vijana, hawajafika miaka 30, na saratani zinazowahi kuja umri huo huwa zaidi ni za aina ya 16 na 18. Pia Cervarix imeonekana kutoa kinga ya pembeni kwa aina za kirusi ambazo haizilengi ila ni ndugu wa 16 na 18, hasa aina ya 31, 33 na 45, hiyo ni bonasi na usiihamishie kwa kila chanjo ya aina mbili bila ushahidi. Kwahiyo miaka ikienda huenda 87 ikashuka kidogo. Lakini hata ikishuka, Scotland nao walioanza 2008 na Cervarix hiyo hiyo walitoa matokeo 2024, waliangalia mabinti waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 na hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja. Ndo hiyo "ya maskini".

Tuje nyumbani. Tanzania ilianza nchi nzima Aprili 2018 na Gardasil ya aina nne (kwa saratani nayo inalenga 16 na 18 zile zile kama ya aina mbili), mabinti wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi sita. Dozi ya pili ikawa inaachwa nyuma, na anayejua vijiji vya Chamwino, Bahi au Mpwapwa hatashangaa, mtoto aliyekuwepo mwezi wa nne mwezi wa kumi kaenda kuchunga, au kashapelekwa Dar kufanya kazi za ndani. Aprili 2024 tukahamia dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14. Hapo nao wakaibuka wa "wametupunguzia dozi kwa sababu sisi Waafrika". Jamani, Uingereza wenyewe wamehamia dozi moja tangu Septemba 2023. Na ushahidi wa dozi moja kwa wasichana wadogo sehemu yake kubwa umetoka Mwanza, sio Ulaya: utafiti wa DoRIS, mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14, wakilinganisha dozi moja, mbili na tatu, kwa Cervarix na kwa Gardasil 9. Baada ya miaka miwili, kwenye dozi moja zaidi ya asilimia 97 walikuwa na kinga ya aina ya 16 na 18 kwenye damu, na chanjo zote mbili hazikuachana. Kwahiyo anayeuliza kama aina mbili na aina tisa zimewahi kushindanishwa kwa Mtanzania jibu ni ndio, kwa watoto wetu wenyewe, na kwenye zile aina mbili zinazoua zaidi hakuna aliyeshinda. Shirika la Afya Duniani nalo msimamo wake ndo huo, kwamba kwa kuzuia saratani hii chanjo za aina mbili, nne na tisa zinalingana, nchi ichague kwa bei, upatikanaji na hali yake.

Bei sasa. Kwa mpango wa Gavi, shirika linalosaidia nchi zenye kipato kidogo kupata chanjo, tangu 2013 Gardasil ilikubaliwa kwa dola 4.50 dozi, na Cecolin ikaja na dola 2.90. Yaani elfu kumi na kidogo, na elfu saba na ushee. Marekani Gardasil 9 sekta binafsi inapita dola 250 kwa dozi, hiyo ni laki sita na zaidi kwa hela yetu. Sisemi wizara ingenunua kwa bei ya Marekani, ila hela inayookolewa ni binti wa Kongwa asiye shule anayefuatwa kwa bodaboda. Nchi yenye wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000 haina anasa ya kuwapa wachache kilicho bora kabisa na wengi wakose.

Kuna kundi moja tu ambalo kwao mimi mwenyewe sitetei sindano moja ya shuleni, na ni mabinti wanaoishi na VVU. Hatari ya saratani hii kwa mwanamke mwenye VVU ni kama mara sita ya mwingine, na miongozo ya dunia inasema hao wapate angalau dozi mbili, ikiwezekana tatu. Sasa foleni ya shuleni inachanja wote mbele za watu, mwalimu yupo, wenzake wapo, nani atanyoosha mkono aseme mimi naongezwa? Mlezi mwenye binti wa hivyo asitegemee foleni, amuulize mhudumu wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kimya kimya dozi zinazofuata anazipata wapi na lini. Hili naona halisemwi kabisa na lina uzito kuliko ubishi wote wa tisa na mbili.

Na mwenye hela zake? Simkatazi. Binti wa miaka 16 aliyeshapitwa na chanjo ya shule, mzazi ana uwezo, ampeleke, na kama aina tisa ipo achukue aina tisa. Hata aliyechanjwa ya shule hajafungiwa mlango, akija kuchomwa ya tisa baadaye haimdhuru, ni gharama tu. Ninachokataa ni mtoto wa miaka 11 kufichwa nyumbani siku ya chanjo. Halafu, samahani kwa kuingilia, wengi wa akina mama wanaobishana hapa wana miaka 35 na 40 na hawajawahi kupimwa mlango wa kizazi hata mara moja, wakati kipimo kile cha kupaka siki ni cha dakika chache na ndo kitu pekee kinachowahusu wao, maana chanjo ya binti haimlindi mama. Na huyo binti naye akikua atapima, awe alichomwa ya mbili au ya tisa, kwa sababu hakuna yenye asilimia 100.

Lawama yangu kwa wizara ni ndogo ila ipo. Matangazo yanasema tu "chanjo ya HPV", hayasemi ni ipi, ya kampuni gani, ina aina ngapi na kwanini imechaguliwa hiyo, halafu mzazi akigugo akakuta ya tisa anaona amefichwa kitu. Sentensi mbili kwenye tangazo na jina la chanjo kuandikwa vizuri kwenye kadi ya mtoto zingemaliza nusu ya maneno haya, na miaka 10 ijayo huyo binti akiulizwa hospitali alichomwa ipi atakuwa na cha kuonyesha.