Senti 14 za Zain: hesabu iliyosahaulika katika ukuaji wa Safaricom

Kila mjadala wa ukubwa wa Safaricom unapoibuka Kenya, jibu la haraka huwa lile lile: wapinzani nao wajenge minara, waache kulialia kwa mdhibiti. Asilimia 65 hivi ya laini za simu nchini ni za kampuni moja, na kwenye pesa za simu huduma yake ya M-Pesa inashika takriban asilimia 90. Wapo wanaoona huo ni ujira wa kazi nzuri. Wapo wanaoona ni ukiritimba uliobebwa na serikali, ambayo kwa miaka mingi ilikaa na asilimia 35 ya hisa. Wote wawili huruka kitu kinachochosha kueleza lakini kilichoamua mengi: ada ya mwingiliano, yaani fedha ambazo mtandao wa anayepiga huulipa mtandao wa anayepigiwa kwa kila dakika ya maongezi.

Safaricom ipewe haki yake kwanza. Ilipoanza biashara Oktoba 2000 chini ya Michael Joseph, huku Vodafone ikiwa na asilimia 40, mpinzani wake Kencell ilitoza kwa dakika. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Aliyepiga simu ya sekunde 15 kusema "nimefika salama" alilipia sekunde 15, si dakika nzima, na kwa mtu aliyenunua kadi ya kukwangua kwa kubanabana, hiyo ilitosha kuchagua laini. Sambaza, ya kumtumia mwenzako salio, ikafuata mwaka 2005, M-Pesa Machi 2007. Mwaka huo huo wa 2007 ilichukua leseni ya 3G kwa dola milioni 25. Miaka mitatu baadaye waliochelewa wakapunguziwa hadi dola milioni 10. Safaricom ikanung'unika, na ilikuwa na sababu. Upande wa pili, Kencell ikawa Celtel, Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, majina manne ndani ya miaka kumi, na kila mwenye mali mpya alianza kwa kupaka rangi maduka upya. yuMobile, mtandao mwingine mdogo, ulipofunga virago mwaka 2014, Airtel ilichukua wateja wake na Safaricom ikachukua mitambo yake. Kati ya hao wawili, si vigumu kusema nani alikuwa akifikiria miaka kumi mbele. Airtel baadaye ikauza hata minara yake yenyewe na kurudi kuikodi.

Kwa hiyo hoja ya "wajenge nao" si porojo. Kasoro yake ni kwamba inadhani aliyeshusha bei angepata wateja, wateja wangeleta pesa, na pesa zingejenga minara. Kenya mlolongo huo ulikatika katikati, na mahali ulipokatika panaonekana kwenye karatasi.

Agosti 2010, Bharti ya India, wenye jina la Airtel, ikiwa imetoka tu kuinunua Zain barani Afrika, Tume ya Mawasiliano ilishusha ada ya mwingiliano kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika. Zain, ambayo ingeitwa Airtel kabla ya mwaka kwisha, ikatangaza Sh3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Wananchi walishangilia. Sasa chukua hiyo Sh3, bei ya mwisho anayolipa mteja, uitoe kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye muda wa maongezi ulikuwa asilimia 10, na VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya ushuru huo. Gawa 3 kwa 1.276: inabaki Sh2.35. Simu ikiangukia Safaricom, Sh2.21 inakwenda zake. Zinabaki senti 14.

Senti 14 hizo ndizo za kulipia dizeli ya mnara usiofikiwa na umeme, masafa, mishahara, matangazo yale yale yanayosema simu ni Sh3, na kamisheni ya muuza kadi. Kamisheni ya asilimia 5 peke yake, kwa Sh3, ni senti 15. Hapo tayari umeshapata hasara ya senti moja na mnara haujawashwa. Na simu ngapi zilikuwa zinaangukia Safaricom? Wakati huo ilikuwa na karibu asilimia 80 ya wateja wote. Mteja wa Zain akichukua simu kumi alizopiga siku hiyo, saba au nane hazikuwa na pa kwenda ila huko.

Mjuzi atapinga hapa: simu huenda na kurudi, basi na ada huenda na kurudi, mwisho wa mwezi wanafutiana deni. Ni kweli, kwa sharti moja. Kama bei ni sawa na watu wanapigiana bila kuangalia mtandao, dakika za kwenda na za kurudi hulingana hata kama mmoja ni mkubwa mara nne ya mwenzake. Mdogo ana wapigaji wachache wanaopiga nje mara nyingi; mkubwa ana wapigaji wengi wanaopiga nje mara chache. Hesabu inafungana.

Inaacha kufungana siku mmoja anaposhusha bei. Wateja wa aliyeshusha hupiga zaidi. Wateja wa mkubwa hawana sababu ya kupiga: wanaflash. Ndugu mwenye laini ya Safaricom akijua shemeji yake wa Zain anapiga kwa Sh3, anambipu na kusubiri. Kila flashi inayojibiwa ni mapato kwa Safaricom na gharama kwa Zain. Mkubwa halazimiki hata kujibu vita vya bei. Anaweza kukaa akakusanya Sh2.21 kwa kila dakika ya ofa ya mpinzani wake. Akiongeza kwamba kupigiana ndani ya mtandao wake ni nafuu kuliko kupiga nje, basi familia nzima inabaki humo, kwa kuwa anayehama peke yake anahama na gharama ya kuwapigia wote aliowaacha. Hapo ubora wa minara hauhusiki kabisa. Ada ikiwa juu ya gharama halisi ya kupokea simu, anayeadhibiwa ni yule anayetangulia kushusha bei, na kadiri anavyofanikiwa ndivyo anavyolipa zaidi.

Safaricom ina jibu, na halistahili kudharauliwa. Kuna minara vijijini inayopokea simu nyingi kuliko inazotoa. Mzee wa Marsabit huweka salio la Sh20 kwa mwezi, lakini watoto wake wa Nairobi humpigia kila Jumapili. Mteja huyo kwa ununuzi wake wa muda wa maongezi ni hasara tupu. Ada ya mwingiliano inayolipwa na mtandao wa mwanawe ndiyo humfanya awe mteja wa maana. Ishushe ada hadi karibu na sifuri na unaondoa sababu mojawapo ya kujenga mnara huko. Aliyejenga kwanza atauliza kwa nini akodishe mbele ya mlango wake bila kodi kwa mtu aliyekaa mijini tu. Hoja nzuri. Ila inapungua nguvu ukikumbuka kwamba watoto wengi wa huyo mzee nao wana Safaricom, na simu za ndani hazina ada. Pia hakuna kitu kilichofunga mapato ya ada kwenye mnara wa Marsabit; yaliingia kwenye mfuko mmoja na mengine yote.

Hoja hiyo hata hivyo ilisikika. Ngazi ya kushusha ada iliyopaswa kufika Sh1.44 Julai 2011 ilisimamishwa, ikaanza tena kwa kuchelewa, ikafika senti 99 na kukaa hapo miaka. Mwisho wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, iliyorithi kazi ya ile Tume, ikatangaza senti 12 kuanzia Januari 2022. Safaricom ikakimbilia baraza la rufaa, mambo yakamalizwa kwa maelewano ya senti 58 Agosti 2022, kisha senti 41 kuanzia Machi 2024.

Kwa mnunuzi wa bando, senti hizi si mchezo. Tuseme mtandao mdogo unataka kuuza dakika 50 za mitandao yote kwa Sh50. Kwa ushuru wa asilimia 15 na VAT ya 16, baada ya kodi mkononi zinabaki Sh37.48. Dakika zote zikienda Safaricom, ada ya senti 99 ingekula Sh49.50, bando hilo halizaliki. Kwa senti 41 ada ni Sh20.50, unabaki na kama Sh17. Kwa senti 12 ni Sh6, unabaki na zaidi ya Sh31. Bila shaka wateja hawamalizi dakika zote wala hawapigi Safaricom peke yake, na ndipo wapanga bei wanapopatia nafasi ya kupumua. Lakini pengo la Sh17 na Sh31 kwenye bando moja ndilo pengo la kuuza kwa kuogopa na kuuza kwa kujiamini.

Tanzania walikwenda haraka zaidi: ada ilikuwa Sh15.60 za huko mwaka 2018, ikashushwa ngazi kwa ngazi hadi Sh2 mwaka 2022, ambazo kwa shilingi ya Kenya ni kama senti 10. Vodacom ni mkubwa pale, lakini wa pili na wa tatu wanamwona kisogo, na Halotel iliyoingia mwaka 2015 bado imesimama. Sitasema ada peke yake ndiyo ilileta hayo. Soko la Tanzania lilikuwa limegawanyika tangu awali, na M-Pesa ya kule haikupata ile nafasi ya kukimbia peke yake. Kenya, ada ilipoanza kushuka kwa maana, pesa za simu zilikuwa zimeshachukua kazi ya kumfunga mteja.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapoeleweka vibaya zaidi. Watu husema pochi za pesa za simu za mitandao tofauti zimeunganishwa tangu Aprili 2018, na malipo ya dukani tangu 2022, basi kisingizio kimekwisha. Kutuma kumekwisha kweli. Zamani ukimtumia mtu wa Airtel kutoka M-Pesa alipata ujumbe wenye namba ya siri na kulazimika kwenda kutoa kwa wakala wa M-Pesa; sasa inaingia kwenye pochi yake. Tatizo lililobaki liko kwa wakala, na halihusu teknolojia hata kidogo.

Chukua wakala mwenye mtaji wa Sh60,000, nusu taslimu na nusu floti, yaani pesa zilizo kwenye simu yake ya uwakala. Mteja wa M-Pesa anatoa Sh8,000: wakala anatoa noti, anapokea floti ya Sh8,000, na baada ya nusu saa mwingine anakuja kuweka Sh8,000, floti inatoka na noti zinarudi. Pesa imezunguka, kamisheni mbili zimeingia. Sasa aje mteja wa Airtel Money kutoa hizo hizo Sh8,000. Noti zinatoka, floti ya Airtel inaingia, kisha inakaa. Mtaa huo mtu wa kuweka pesa Airtel anaweza asije hadi kesho kutwa. Ili zirudi kuwa noti, wakala afunge kibanda, aende kwa wakala mkuu au benki, na saa hizo mbili anakosa wateja wa M-Pesa. Ndiyo maana unaambiwa "mtandao uko chini" hali simu yenyewe iko juu ya meza inawaka. Si hujuma, wala Safaricom haimkatazi tena: masharti ya wakala kuhudumia kampuni moja tu yaliondolewa mwaka 2014. Ni mtaji mdogo kukimbilia kunakozunguka. Kampuni ndogo inaweza kuongeza kamisheni mara mbili na bado isishinde, kwa sababu kamisheni mara mbili ya muamala mmoja ni kidogo kuliko kamisheni ya kawaida ya miamala sita.

Wanaotaka M-Pesa itenganishwe na Safaricom, wazo ambalo hurudi bungeni kila baada ya muda, wangeacha tatizo hili lilivyo. Kampuni mbili badala ya moja, na floti ya Airtel bado imekaa kibandani. Linaloweza kubadili hesabu ni wakala kuwa na floti moja inayohudumia mitandao yote, na ada ya mwingiliano isiyo sawa kwa wote: mkubwa apokee kidogo kuliko anavyolipa, kwa muda uliowekwa, kama nchi kadhaa za Ulaya zilivyowahi kufanya kwa walioingia soko baadaye. Safaricom itasema huko ni kumtoza mwenye bidii kumlipa mzembe, na kwa miaka ya majina manne itakuwa na ushahidi. Kwa hiyo nafuu hiyo ifungwe kwenye minara mipya inayohesabika, mahali panapotajwa kwa jina la kata, na ikatike robo mwaka ile ile minara isipoonekana.

Kwa floti moja, ugumu uko kwenye kulipana. Wakala aliyesajiliwa na M-Pesa akimhudumia mteja wa Airtel, Airtel ilipe kamisheni ya wakala pamoja na kitu juu yake kwa aliyemsajili, kumfundisha na kumkagua wakala huyo. Kitu hicho kikiwekwa juu mno, kinageuka kuwa Sh2.21 nyingine.