Nauli Iko Juu ya Mti

Kwanza, sikupigana na tumbili. Aliyeandika hivyo kwenye kikundi cha chama chetu cha akiba ni Katibu, na Katibu saa hiyo alikuwa ndani ya tuktuk ya watu, amejivutia kofia yake ya marvini mpaka kidevuni, anaomba kwa sauti. Aliona nini? Halafu kuna ile video. Wenye kuitazama wajue kwamba aliyerekodi aliwasha simu wakati mbaya kabisa, gauni likiwa limeshapanda. Tutafika huko. Tulieni.

Mnajua sisi wa mitumba pale Top Market, Nakuru, shida yetu ilikuwa Mombasa. Mwaka mzima ni Mombasa, Mombasa, mpaka Mwenyekiti akanunua miwani ya jua. Hesabu ilipopigwa, treni ya SGR peke yake, daraja la chini, ni 1,500 kutoka Nairobi, kwenda tu. Bado hujatoka Nakuru kufika hiyo Nairobi, hujala, hujalala. Tukalitazama sanduku, kimya. Ndipo Mwanachama wa Kawaida (hana cheo chochote, ndiyo maana ana akili) akasema: jamani, Kisumu kuna jua, kuna maji, kuna samaki, na ukitoka Nakuru alfajiri usiku unalala kwako. Chumvi utajitilia mwenyewe.

Likapita.

Mimi ndiye Mweka Hazina. Mtaniuliza kwa nini nilibeba pesa taslimu enzi hizi. Hilo huulizwa na watu wasio na mkopo wa simu. Laini yangu ina deni. Shilingi ikiingia haipati hata nafasi ya kukaa, inamezwa papo hapo. Ya Katibu hivyo hivyo. Mwenyekiti naye aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba yake imekauka kabisa. Shikeni hilo la Mwenyekiti, tutalihitaji.

Basi nauli ya kurudi, shilingi 3,500 za watu watano, nikaitenga ili isije ikageuka samaki. Noti mbili za elfu, tatu za mia tano. Nikazifunga kwenye kitambaa cha mkono, maana nailoni ilipigwa marufuku 2017 na mimi ni raia mwema, nikazilaza katikati ya chapati, chapati tano chini, tano juu, nikafunika zote kwa foili. Nani anaiba chapati? Stendi watakupekua mkoba, watakupekua kifua, lakini chapati baridi za mama wa makamo haziulizwi na mtu. Mpango ulikuwa sawa. Hata leo nasema ulikuwa sawa.

Kitu kingine cha kujua kabla hatujaondoka. Alfajiri ile nilijua tunapita Mau Summit, na baridi ya Mau Summit haina adabu, inapanda kutoka chini ya kiti. Kwa hivyo ndani ya gauni nilivaa kaptura ya mume wangu. Mume wangu ni mtu wa Kakamega. Kaptura ni ya Ingwe, timu ya AFC Leopards, buluu na nyeupe, chui kwenye paja. Watu wa Kisumu mmeshaanza kucheka, nawaona.

Safari nairuka. Kericho chai, Ahero mpunga, Katibu kutapika mara baada ya Kericho (hilo kwenye kumbukumbu zake halimo). Kutoka Nakuru mpaka Kisumu unashuka zaidi ya mita 700, na mwili unajua. Tulipanda tukitetemeka, tukashuka tukitiririka, na Katibu bado ana marvini kwa sababu chini yake nywele hazikuwa zimesukwa.

Na niseme ukweli, mpaka saa nane mchana hiyo ndiyo ilikuwa siku tamu kuliko zote mwaka huu. Kama mfuko wako una mashimo, nenda Kisumu. Tulianzia Obunga kwa mgongo wazi. Viwanda huondoa minofu ya samaki wa mbuta ikapelekwa ng'ambo, kisha kichwa na uti wa mgongo vinabaki kwetu, vinakaangwa mpaka vinalia. Wazungu wamekula nyama, sisi tumekula utamu. Mwanachama wa Kawaida alinyonya kichwa kimoja kwa muda mrefu mpaka mwenye kibanda akamletea kiti kizuri. Tukapita Oginga Odinga Street tukitazama maduka bila kuingia, jambo ambalo ni bure. Katibu akatusomea kwenye simu kwamba reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mwenyekiti akauliza kama Florence alilipa mwenyewe au alilipiwa na chama.

Kisha Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Pale boti unapatana, na Mwenyekiti anajua kupatana. Aliondoka mara mbili, akaitwa mara mbili. Tukazungushwa majini kando ya gugumaji. Kiboko hatukumwona, nahodha alituonyesha sikio moja akasema mengine yako chini. Kuogelea tulikataa. Kichocho ni cha bure, dawa yake ndiyo ina bei. Tulipotia mguu nchi kavu, pesa ya starehe ilikuwa imekwisha hadi senti. Ila hatukujali, si tuna chapati? Si tuna nauli?

Tukarudi kwa miguu kwa ile barabara ya Dunga, tukapata mti mkubwa, tukatandika leso. Furushi zilikuwa mbili. Moja chapati tupu, nikaiweka katikati ya leso, kila mtu ajihudumie. Ya pili nikaipakata mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Hapo ndipo alipokuja.

Sisemi ametoka hifadhi gani. Hakuwa na sare. Alikuwa tumbili wa kawaida, kijivu, uso mweusi, na alikuwa dume. Wanaowajua tumbili wanajua nilijuaje. Buluu ile Mungu hakuificha. Alikuja taratibu, mikono chini, macho pembeni, mtu anayepita zake tu. Akaipita mikoba. Akaipita simu ya Mwenyekiti. Akafika kwenye lile furushi la katikati, lililo wazi, chapati zinaonekana kabisa, akalitazama, akalidharau. Halafu akanitazama mimi. Akaitazama mikono yangu. Na ninaapa, wadau, yule mnyama alifikiri. Nilimwona akifikiri: huyu mama ameshika nini hivyo?

Sikusikia chochote. Niliona tu mapaja yangu yana mwanga. Furushi lilikuwa limeondoka, na mkia unapanda mti.

Nilipiga ukelele ambao Mwanachama wa Kawaida anasema aliusikia mara mbili, mara ya pili ukirudi kutoka ziwani. Bodaboda walisimama. Tuktuk ikasimama, Katibu akaruka ndani. "Mathe, ni chapati tu, mwachie," akasema kijana mmoja wa boda kwa upole. Nikamwambia si chapati. "Ni nini?" Sikutaka kusema. Mbele ya umati huo wote, na Mwenyekiti anasikiliza, sikutaka kusema. Lakini tumbili alishakaa kwenye tawi, akafungua foili bila kuichana, akala chapati ya kwanza, akala ya pili nusu, akatupa nusu. Tulikuwa tunahesabu, mimi kwa moyo. Ya tatu. Ya nne. Ya tano ilimpatia kitambaa.

Alilifungua fundo kwa meno. Kisha akatoa noti ya elfu, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua juani kama karani wa benki.

Kimya. Mwenyekiti akageuka polepole. "Mweka Hazina," akasema. Hakunyanyua sauti. "Ile ni nini?"

Nikasema ni nauli.

"Yetu?"

Kijana wa boda akachukua uongozi. Ukimrushia jiwe atapanda juu na pesa zote, akasema, mrushie ndizi, ataachia. Kulikuwa na mama wa ndizi hapo hapo, ndizi shilingi kumi kumi. Nilipogeuka kumtazama zilikuwa ishirini. Nikamwambia mama, niuzie kwa deni, pesa yangu si unaiona iko pale? Akanyoosha shingo, akaitazama pesa yangu, akaona dhamana imekaa vizuri, akanipa tano.

Ndizi ya kwanza: tumbili akaachia noti ya elfu, akadaka ndizi. Noti ikaangukia paa la tuktuk. Watu wakashangilia. Ndizi ya pili: elfu ya pili ikashuka, boda mmoja akaidaka hewani akanirudishia mkononi, Mungu ambariki, na akaomba ya soda. Mambo yakawa yanaenda. Biashara ilikuwa nzuri kuliko meza yangu ya Top Market siku ya mvua.

Tatizo likawa noti ya mia tano. Ile ina wanyama kwa nyuma, simba, ndovu, kifaru, wale wakubwa watano. Akaigeuza mbele. Akaigeuza nyuma. Akaitafuta. Sina ushahidi, lakini nadhani alikuwa akijitafuta yeye, akaona hakuchorwa, kwa sababu aliiweka mdomoni akaichana katikati. Nusu mbili zikaanza kushuka, na ule upepo wa ziwani, ule unaotangulia mvua ya jioni, ukazipokea, moja kaskazini moja kusini. Papo hapo akaachia na ile ya pili, nzima, ikaja moja kwa moja juu yangu, inapinda kushoto, inapinda kulia.

Sikufikiri. Naomba mnielewe. Mikono ilikuwa na ndizi. Mtu wa mitumba akiona kitu kinaanguka anakinga na nguo iliyo karibu, na nguo iliyo karibu ilikuwa gauni langu. Nililikamata pindo, nikalitandaza mbele yangu mpaka usawa wa kifua, nikakimbia kinyumenyume nikifuata noti.

Noti ikatua ndani. Nilipiga kelele ya ushindi. Nikaona hakuna anayeshangilia nami.

Barabara nzima ilikuwa ikitazama chini. Mama wa ndizi, boda wote, dereva wa tuktuk mwenye jezi ya kijani ya Gor Mahia, mahasimu wa Ingwe, mtoto mmoja na andazi lake. Chui alikuwa anawaangalia. Mtu akasema polepole, kwa uchungu wa kweli: "Omera. Ni Ingwe."

Yule aliyeomba soda akasema angejua asingeirudisha ile noti. Mwingine akasema, sasa tuna dume la buluu juu na jike la buluu chini, tumezingirwa. Ndipo nikaona simu imenyooshwa, na mimi bado nimeshika gauni, kwa sababu nikiliachia noti itaanguka na upepo upo. Fikirieni uamuzi huo. Heshima upande mmoja, mia tano upande mwingine. Mnajua bajeti yetu ilivyokuwa. Nilisimama hivyo hivyo, gauni kifuani, mpaka Mwanachama wa Kawaida akaja akaichukua noti kwa vidole viwili. Alichukua muda wake. Nitakumbuka.

Ya mwisho tumbili aliondoka nayo. Aliitia shavuni, akaruka tawi la juu, akatuonyesha ile buluu yake mara ya mwisho, na radi ikapiga.

Mengine ni haraka. Mvua ikatunyea. Mama wa ndizi alilipwa kwa lile furushi la chapati tupu, alizinusa akakubali. Nusu moja ya mia tano iliyochanika haikuonekana tena. Mkononi tukawa na 2,500, nauli ya watu watatu na miguu ya wa nne. Stendini makanga akakataa hadithi ya tumbili, akasema wiki hiyo alishadanganywa na watu wenye akili zaidi. Ndipo Mwenyekiti akajivuta kando, akageukia ukuta, akabonyeza simu, na nauli iliyopungua ikalipwa. Yote. Kwa ile laini iliyokauka. Hakuna aliyesema neno mpaka Kericho, na hapo ni Katibu tu, alikuwa anaomba dirisha.

Kwenye kumbukumbu za mkutano Katibu ameandika: "Mweka Hazina alimkabidhi tumbili nauli, kisha akajivua." Napinga vitenzi vyote viwili. Wamekubaliana kunikata elfu moja kwenye zamu yangu ya mzunguko mwezi ujao. Nimewajibu kwamba chapati zilikuwa za wote, mti ulikuwa wa wote, na mia tano mojawapo iko Dunga shavuni mwa mtu anayejulikana, waende wakamkate yeye. Na suala la laini ya Mwenyekiti nimeomba liwe ajenda. Katibu anasema ajenda zimejaa.

Mume wangu video ameiona. Nilijiandaa kwa ugomvi, yeye akauliza tu kama chui ametoka vizuri. Akaituma kwa mashabiki wenzake wa Ingwe, wakafurahi kupita kiasi, eti hakuna aliyewahi kuipeperusha bendera Kisumu kwa ujasiri huo, wakachanga. Elfu moja kamili, ya kunifuta machozi. Wakaituma moja kwa moja kwenye laini yangu.

Ujumbe wa kwanza ulisema nimepokea. Wa pili mnaujua.