Funika Kombe Katika Keneli ya Linux

Onyo la umbizo, yaani kwamba alama ya kuchapisha kama `%x` hailingani na data iliyopewa, ambalo kompaila ya GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) hulitoa wakati wa kujenga keneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, hudharauliwa mno, na sababu ni kwamba kulinyamazisha ni rahisi sana. Mtu anaona onyo, anabadili aina ya data kwa nguvu, kompaila inatulia, naye anatuma kiraka chake (mabadiliko yake ya msimbo). Kwa maoni yangu, hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite.

Tuchukue dereva (programu ya kuendesha kifaa) iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa za ARM za biti 32, yenye mstari huu, ambamo `%x` huchapisha namba kwa heksadesimali na `%s` huchapisha maandishi:

`pr_info("anwani %x, kifaa %s\n", anwani, jina);`

Kigeugeu `anwani` ni cha aina ya `phys_addr_t`, aina ya kubebea anwani halisi za kumbukumbu, ambayo upana wake hutegemea usanidi wa keneli. Katika usanidi wa kawaida wa prosesa hizo ina biti 32, kwa hiyo mstari unapita bila neno. Siku mtu anapowasha LPAE, mfumo unaoruhusu anwani za kumbukumbu za biti 40, aina hiyohiyo inakuwa na biti 64, na GCC inalalamika kwamba `%x` inatarajia `unsigned int` ilhali imepewa `phys_addr_t`, ambayo kwa hakika ni `long long unsigned int`. Sehemu hiyo ya mwisho ya ujumbe ndiyo yenye utambuzi wote, na ndiyo ambayo wengi hawaisomi.

Kinachotokea mstari ukiachwa hivyo si suala la sura ya maandishi. Kwa kanuni za ARM za biti 32, namba ya biti 64 hupitishwa katika jozi ya rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) inayoanzia kwenye namba shufwa: umbizo linakaa `r0`, `r1` inarukwa, anwani inashika `r2` na `r3`, na jina linasukumwa kwenye staki, yaani kumbukumbu ya muda. Ila `printk`, ambayo `pr_info` huiita ili kuchapisha, inafuata inachoambiwa na umbizo. Kwa `%x` itachapisha takataka yoyote iliyobaki ndani ya `r1`, kisha kwa `%s` itachukua nusu ya chini ya anwani na kuifanya kielekezi (anwani ya mahali lilipo) cha jina. Anwani ikiwa `0x840000000`, keneli itajaribu kusoma herufi kuanzia `0x40000000`.

Sasa aliyeongeza `(u32)` mbele ya kigeugeu, yaani aliyekilazimisha kiwe cha biti 32, ameponya hilo la rejista, lakini rekodi itaonyesha `40000000`, yaani kumbukumbu iliyo kwenye GB 33 itaonekana kana kwamba iko kwenye GB 1, na atakayekuja kutafuta hitilafu ya DMA (kifaa kusoma au kuandika kumbukumbu moja kwa moja bila prosesa) kwa kutegemea rekodi hiyo atapotezwa na namba inayoonekana safi kabisa. Heri onyo lingebaki. Aliyeweka `%llx`, alama ya namba za biti 64, peke yake naye amelihamishia onyo kwenye usanidi usio na LPAE, jambo ambalo angelibaini kama angejenga keneli kwa sanidi zote mbili. Kubadili aina kwenda `unsigned long long` pamoja na `%llx` nakukubali, kwa sababu kupanua hakupotezi biti hata moja.

Keneli ina njia bora zaidi, nayo ni `%pa`, inayopokea kielekezi cha kigeugeu (`&anwani`) badala ya thamani yake, na kuchapisha kwa upana unaolingana na usanidi. Hata hivyo siisifu bila tahadhari. GCC haifahamu nyongeza hii ya keneli. Inaona `%p`, alama ya kawaida ya kielekezi, tu, na kielekezi chochote kinairidhisha. Ukimpa `%pa` kielekezi cha kigeugeu cha `u32` katika keneli yenye LPAE, itasoma baiti nne zisizo zake, na safari hii hakuna onyo litakalotolewa. Ndiyo maana ninapokagua kiraka kinacholeta `%pa`, hurudi hadi pale kigeugeu kilipotangazwa nikahakikisha aina yake, hata kama keneli imejengwa kimya.