Kilo hamsini mgongoni: kesi ya uhalisia katika gemu za dunia iliyoangamia

Kila inapotoka gemu mpya ya kufyatua risasi iliyowekwa katika dunia iliyoangamia, wachezaji hugawanyika. Kuna wanaotaka njaa, kiu, bunduki inayokwama na jeraha lisilopona kwa sekunde mbili. Wengine wanasema mtu aliyetoka kazini usiku ana saa moja tu ya kucheza, na hataki kuimaliza akipanga makopo ya nyama kwenye begi. Hoja hiyo ya pili ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Ila wapenzi wa uhalisia huhukumiwa kwa mifano yao mibovu, na ile mizuri haitajwi.

Mfano mbovu unaojulikana zaidi ni vipimo vya njaa. Katika Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, ukiwasha modi ya Hardcore, yaani hali ngumu zaidi ya kucheza, unapata vipimo vitatu, vya kiu, njaa na usingizi. Kila kimoja hupanda hadi 1000, ambapo unakufa, na adhabu ya kwanza inaanza ukifika 200. Kwenye karatasi inatisha. Ndani ya gemu, chakula kimejaa makabatini na maji si ya kutafutwa kwa shida, kwa hiyo kinachobaki ni kufungua orodha ya vitu, kubonyeza chupa na kuendelea na safari. Hakuna uamuzi wowote uliofanyika hapo. Anayeita hiyo kazi ya nyumbani hajakosea.

Kipengele kinachobadilisha gemu ile ni uzito. Hardcore inazipa risasi uzito, ambao katika modi ya kawaida hazina. Tuchukue risasi halisi ya AK-74, ya milimita 5.45: moja ina karibu gramu 10.7. Risasi 300 ni zaidi ya kilo tatu, sawa na bunduki yenyewe ikiwa tupu. Mchezaji wa modi ya kawaida hubeba maelfu bila kuhisi kitu.

Hata hivyo Hardcore iliishia njiani, kwa sababu begi lenyewe lilibaki kubwa mno. Kiwango cha kubeba ni 150, ukiongeza 10 kwa kila pointi ya nguvu. Mhusika mwenye nguvu 5 anabeba 200. Ukizihesabu kama paundi, ni takriban kilo 90, na mtu huyo bado anakimbia. Josh Sawyer, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hiyo, baadaye alitoa faili lake binafsi la marekebisho ambalo mchezaji huliongeza kwenye gemu, JSawyer, lililoshusha ile 150 hadi 50. Mhusika yuleyule sasa anabeba 100, yaani kilo 45 hivi. S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl ya mwaka 2007 ilikuwa imeshaweka kikomo cha kilo 50: ukivuka hapo pumzi inakatika haraka, na ukivuka 60 husogei. Watengenezaji wasiohusiana walikaribiana hivyo, na kilo 45 ni mzigo ambao askari wa miguu wa kweli anaujua.

Fuata mnyororo uone kwa nini namba hii moja ina nguvu kuliko vipimo vyote vya njaa. Mwenye 200 anaokota kila bunduki ya kila aliyemuua. Anaziuza zote. Baada ya saa chache fedha hazina maana, na risasi na dawa anazinunua bila kuuliza bei. Hapo njaa haiwezi kumtisha tena, kwa kuwa hakuna kitu anachokosa. Mwenye 100 anasimama juu ya maiti akihesabu: nikichukua bunduki hii naacha maji, nikichukua risasi naacha dawa. Uhaba, ambao ndio roho ya dunia iliyoangamia, unatokana na hesabu hiyo.

Watetezi wa uchezekaji hujibu kwamba mlimbikizaji haachi kulimbikiza. Atafanya safari tano badala ya moja, na gemu itakuwa matembezi ya kuchosha. Ni kweli, pale mtengenezaji anapopunguza begi peke yake. Call of Pripyat, gemu nyingine ya S.T.A.L.K.E.R., iliziba tundu hilo mara mbili. Wafanyabiashara wake hukataa silaha zilizochakaa sana, hivyo kubeba mizoga ya bunduki hakuna faida, na kuna waongozaji wanaokuvusha kutoka eneo moja hadi jingine kwa malipo. Safari ndefu imefupishwa, lakini imelipiwa. Uhalisia unaohitaji uvumilivu peke yake umepangwa vibaya.

Upo upangaji mbaya zaidi. Modi ya Survival ya Fallout 4, ilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, iliondoa uwezo wa kuhifadhi mchezo popote. Unahifadhi kwa kulala kitandani. Nia ni nzuri, kwamba kifo kiwe na uchungu. Lakini gemu ikiganda na kujifunga katikati ya safari, unapoteza saa nzima kwa hitilafu ya programu. Mchezaji hapo hajaadhibiwa kwa kosa lake. Kabla ya kufuta uhifadhi, mtengenezaji awe na gemu isiyoanguka.

Metro, mfululizo mwingine wa gemu za aina hii, inaonyesha kwamba uhalisia hauhitaji hata kuwa kweli. Kichujio cha barakoa ya gesi halisi hutumika kwa saa nyingi. Cha Metro kinaisha kwa dakika. Ni uongo wa wazi, nami nautetea, kwa sababu unausoma muda huo kwenye saa ya mkononi mwa mhusika, unasikia pumzi ikianza kubana, unaona kioo kimepasuka. Habari zimetoka pembeni mwa skrini zikaingia duniani. Modi yake ya Ranger inaondoa alama ya kulengea na kufanya risasi ziue haraka pande zote mbili. Hilo la pande zote mbili ndilo linalosahaulika. Adui anayemeza magazini nzima huku wewe ukianguka kwa risasi mbili si mgumu kwa njia ya haki, S.T.A.L.K.E.R. 2 ilipotoka Novemba 2024 wachezaji waliwalalamikia mazimwi wake kwa sababu hiyo, na viraka vya mwanzo, yaani masahihisho ya programu, vikapunguza uhai wa baadhi yao.

Anayetaka kulipima hili mwenyewe aanze na New Vegas kwenye kompyuta, Hardcore ikiwa imewashwa pamoja na JSawyer, nguvu 5, na asiongeze faili jingine lolote la marekebisho kwa saa kumi za kwanza. Hardcore inaweza kuzimwa wakati wowote kwenye mipangilio. Anachopoteza ni tuzo ya kuimaliza tu.